Hajiri Ndani ya Plastiki

Keki ya kuniaga ya Ijumaa ilikuwa tamu, asanteni, ingawa niligundua aliyeikata alijipimia yeye kwanza. Mmeniambia niwaachie neno. Neno moja halinitoshi, mnanijua, kwa hiyo nimekaa na birika la chai na nitaandika mpaka liishe. Vyeo sitavitaja, vilikuwa vichache na vyote mliviona. Nataka kuwasimulia habari za karatasi, maana ninyi mtakaokalia ile meza ndefu ya dirishani mtashika vitu vilivyozaliwa kabla ya babu zenu, na hakuna hata kimoja kitakachofungua mdomo kikaeleza kimepitia wapi.

Nilikuja Minnesota na ujuzi mmoja tu wa kujivunia: mitumba. Sokoni Gikomba, Nairobi, nilikuwa nakata kamba ya belo la nguo, na kabla mteja hajamaliza kupiga chafya nimeshajua ipi ni kamera, ya kutundikwa juu, na ipi ni ya kupigia deki. Huku nikaanza kwa kuwatunza wazee majumbani, kama kila Mkenya niliyemkuta. Mgongo ukakataa. Dada mmoja wa kanisani akaniambia kuna karakana Plymouth inayosafisha picha za zamani, inazitia fremu na kuziuza, na wanatafuta mtu mwenye mkono wa taratibu. Nikajiambia, aliyekunja mablauzi ya nusu ya Nairobi hatashindwa na karatasi.

Aliyenihoji ni Marlys. Wengi wenu hamkumkuta. Mama wa huku huku, mrefu, mkavu kama rula, aliyesimamia meza ya karatasi miaka na miaka. Hakuniuliza nimesoma wapi. Aliweka karatasi mbili mbele yangu.

"Ipi ya zamani?"

Nikazipapasa pembezoni kama ninavyopapasa pindo la sketi, nikaikazia macho ile ya kahawia, nikasema hii.

"Hiyo niliipika kwenye chai jana," akasema. "Lakini umeshika pembezoni. Wenzako wote walishika katikati. Njoo Jumatatu."

Ndiyo njia niliyoingilia: kwa jibu baya na vidole vizuri. Marlys hakuwa mtu wa sifa. Akikiita kitu "tofauti", jua amekichukia. Akisema "si kibaya", kimbia ukaite watu waje waone.

Vyombo alivyonikabidhi bado vipo, na ole wake atakayevipeleka nyumbani. Lenzi ya kuvaa jichoni. Kisu cha mfupa, kisichokata kitu ila hukunja kila kitu. Brashi za manyoya. Gundi ya unga wa ngano, ambayo ni uji tu uliokosa sukari na shukrani. Na tochi. Tochi msiimulikie karatasi kutoka juu kama askari anayetafuta leseni. Ilazeni mezani, mwanga uambae juu ya karatasi kama jua la saa kumi na mbili jioni, ndipo mtaona milima na mabonde yake.

Hapo ndipo nilipofundishwa namna tatu za uchapaji wa karne ile ya kumi na tisa. Picha iliyochongwa kwenye ubao huacha alama ya kugonga. Mistari yake huingia ndani kidogo. Iliyochorwa juu ya jiwe haisemi kitu ukiipapasa, laini tupu. Lakini iliyochimbwa kwenye bamba la shaba ni mambo mengine: wino hukaa ndani ya mifereji, karatasi huloweshwa na kubanwa kwa nguvu mpaka iunyonye, na ukikauka husimama juu ya karatasi kama matuta ya viazi, madogo mno. Bamba lenyewe huacha ukingo pande zote nne, kama sahani iliyokandamizwa kwenye unga. Marlys alifumba macho na kuzitambua kwa ncha ya kidole. Mimi ilinichukua muda mrefu, na bado jiwe lilinidanganya mara kwa mara.

Na picha zenyewe? Biblia, Biblia, Biblia. Nyumba kuukuu za Saint Paul zikifunguliwa dari, makanisa yakifungwa kwa kukosa waumini, wajukuu wasiojua wafanye nini na ukuta wa bibi, wote walitujia na Musa. Ibrahimu na kisu chake. Ruthu shambani. Yona akitapikwa na samaki mwenye kope. Mimi niliyelelewa kanisani kule kwetu Mwingi nilidhani nawajua watu hawa. Kumbe sikuwahi kuwaona wakiwa wamevaa hivyo. Wachoraji wengi hawakuwahi kutia mguu nchi zile. Ilikuwa wazi mitende wameichora kwa kusimuliwa, na aliyewasimulia alikuwa na haraka.

Kwa tabia yangu ya kuhesabu kila kitu mara mbili, nilianza kuhesabu. Siku moja nilimwita Marlys.

"Hawa mamajusi wana ngamia watatu."

"Naam."

"Miguu kumi na mitatu."

Akachukua lenzi. Akahesabu. Akahesabu tena, ndipo nikajua tutaelewana.

"Huenda mchongaji alilipwa kwa mguu," akasema.

Tangu siku hiyo ukawa mchezo wetu. Tulipata safina ya Nuhu yenye simba wawili, wote madume. Hapo simba walikuwa wamekwisha. Tulipata Karamu ya Mwisho yenye mikono mingi kuliko wenye mikono. Na tulipata Daudi anayezungusha kombeo kwa mkono wa kushoto, nikafikiri nimemkamata mtu, mpaka Marlys akanitolea kwenye droo ya chini mchoro wa kalamu uliotangulia picha hiyo. Pale Daudi alitumia wa kulia. Kumbe kinachochimbwa kwenye bamba hugeuka kikichapwa, kulia kuwa kushoto, na mchongaji yule hakujisumbua kukigeuza kwanza. Kwa hiyo mkimkuta Hawa anachuma tunda kwa mkono wa kushoto, msimsingizie. Uulizeni mchoro.

Sasa nije kwenye kazi niliyotaka kuwaambia, maana ndiyo mnayonitania nayo bila kuijua vizuri.

Ilikuwa mwanzo wa majira ya kuchipua, theluji imebaki kwenye kona za maegesho tu, nyeusi kama mkaa. Wakaingia watu wawili waliokuja pamoja lakini hawakusimama pamoja. Mmoja ni Dale, bwana wa makamo wa Eden Prairie, koti zuri, sauti ya chini. Mwingine ni mwanamke wa Kikongo, kilemba cha kitenge chini ya kofia ya sufi, amesimama nyuma yake hatua mbili kama aliyeitwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Dale akaweka kitu juu ya kaunta. Kikalia *tap*, kama menyu ya mgahawa.

Ilikuwa picha ya Hajiri jangwani, ukubwa wa daftari la shule. Hajiri ameketi amegeuza uso asimwone mwanawe akifa. Ishmaeli amelala chini ya kijiti. Malaika ananyoosha kidole, na huko anakoonyesha, kona ya chini, kuna kisima. Kiriba cha maji mchoraji amekifanya chupa, lakini kwa hilo nimekwisha kuwazoea. Kazi ya bamba la shaba, safi, ya mkono wa mtu aliyejua. Na yote, mbele na nyuma, imefungwa ndani ya plastiki. Ime-laminate-iwa kama kitambulisho.

"Mama yangu anasema hii si picha yake," Dale akasema. "Anasema yake imechukuliwa na hii ni nakala. Simlaumu mtu yeyote."

Mmekaa huku vya kutosha mnajua "simlaumu mtu yeyote" maana yake nini.

Nikamgeukia yule mwanamke nikamsalimu kwa Kiswahili, na uso wake ukafunguka kama mlango uliosukumwa.

"Mama, mie sikuiba," akasema. "Niliikinga."

Jina lake Zawadi. Alikuwa akimtunza mama yake Dale, Mama Eleanor, ambaye katikati ya macho yake palikuwa pamekufa: aliona mwanga na giza pembeni, basi. Picha ile aliirithi utotoni. Alipokuwa haioni tena aliisoma kwa vidole, kila siku baada ya chai, akifuata matuta ya wino: hapa shavu, hapa bawa, hapa mtoto. Zawadi akaona pembe zinalika, karatasi inaingia mafuta ya mikono. Mama Eleanor alipolazwa hospitali kwa ajili ya nyonga, Zawadi akaichukua nyumbani kwake Columbia Heights.

"Niliiplastifier, Mama. Na mashine yangu. Kule kambini, kwa wakimbizi, karatasi yenye haiko ndani ya plastiki inakufa. Mvua, panya, watu wa kuchezea. Karatasi ya chakula, ya kuzaliwa kwa watoto, yote tuliweka plastiki. Kufika huku, pesa ya kwanza nilinunua mashine. Hata cheti cha kuogelea cha kadogo wangu, huyu mtoto wa mwisho, kiko plastiki."

"Anasema nini?" Dale akauliza.

"Anasema aliifanyia kama wanavyofanyia kitu wanachokipenda huko alikotoka."

Mama Eleanor alirudi nyumbani, akapewa picha yake, akaweka kidole: kioo kitupu. Akasema, hii si Hajiri wangu, umempeleka wapi Hajiri wangu? Zawadi akaeleza, kwa Kiingereza chake cha kuhesabia vidonge, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyoonekana mwizi: ndiyo, niliitoa nyumbani, ndiyo, bila kuuliza. Shirika lililomwajiri likamsimamisha. Lilikuwa linamngoja Dale aandike ripoti. Akiandika wizi, Zawadi hatavuka tena kizingiti cha mgonjwa yeyote katika jimbo hili.

Nikalaza tochi. Chini ya plastiki ukingo wa bamba ulionekana, umefifia. "Hii si nakala," nikamwambia Dale. "Ni ya zamani kweli."

"Ya zamani, sawa. Lakini ni yenyewe? Wewe hukuwahi kuiona."

Hapo alinishinda, na nilimheshimu kwa hilo. "Basi tuitoe kwenye plastiki," nikasema, "mkono wa mama yako uamue. Nipe wiki tatu."

"Shirika linataka jibu Ijumaa."

"Ijumaa ipi?"

"Hii."

"Karatasi hii haijawahi kuharakishwa na Ijumaa."

Akanyamaza. Mnajua watu wa huku wanavyopatana: hawapandi, hawashuki, wananyamaza mpaka uone aibu ujipunguze mwenyewe. Lakini mimi nimenyamaziwa na wanawake wa Gikomba waliobeba mtoto mgongoni na rundo kichwani. Nami nikanyamaza. Nikapanga brashi zangu, kubwa hadi ndogo. Nikazipanga upya, ndogo hadi kubwa.

"Wiki moja," Dale akasema.

"Mbili. Na usiandike lolote mpaka mama yako aishike. Na siku hiyo huyu dada awepo."

"Kwa nini awepo?"

"Kwa sababu ni jina lake linalopimwa. Hata sokoni hatumpimii suruali mtu aliyebaki nyumbani."

Akamtazama Zawadi, nadhani kwa mara ya kwanza tangu waingie. "Wiki mbili," akasema.

Marlys alipoiona, aliigeuza mbele na nyuma. "Hii ni tofauti sana," akasema hatimaye, na kwa Marlys hayo ni matusi ya nguoni.

Nawaandikia tulivyofanya, kwa sababu itawajia tena. Mashine hizo zinauzwa kila duka. Msivute. Plastiki ikivutwa huondoka na uso wa karatasi. Tulikata ukingo uliozibwa, kisha tukajaribu kona moja ndani ya kabati lenye feni, kwa ile dawa ya kulainisha gundi, tone kwa tone, kuona kama wino utakimbia. Haukukimbia, wino wa zamani wa mafuta na masizi ni mkaidi, Mungu aubariki. Kisha upande mmoja, unywele kwa unywele, kisu cha mfupa kikitembea chini ya plastiki kama mtu anayetoka chumba cha mtoto aliyelala. Kisha gundi iliyobaki. Kisha kugeuza na kuanza tena. Ukichoka, simama. Nilisimama mara nyingi.

Tatizo halikuwa plastiki. "Mashine ni pasi mbili zinazobusiana," Marlys akaniambia. "Wino uliosimama umelazwa. Tutaipa karatasi unyevu, tutaiacha ipumzike bila kuikandamiza, matuta mengine yatainuka. Si yote." Akaninyooshea kidole. "Usimwahidi yule mwanamke kitu."

Sikumwahidi. Ila alinipigia simu kila asubuhi, na kila asubuhi nilimwambia, Hajiri amelala vizuri.

Upande wa nyuma ulipokuwa safi ndipo nilipoona matundu. Madogo, ya ncha ya sindano, yamezibwa na gundi. Nikamwita Marlys nikidhani ni wadudu, nikamuuliza nitayarishe unga wa karatasi niyazibe, kama tufanyavyo siku zote. Akainama na lenzi.

"Mdudu gani huyu?" akasema. "Hakula malaika, hakula jangwa, hakula mtoto. Kala kisima peke yake."

Kweli. Matundu yote yalikuwa kwenye maji.

"Ni nini basi?"

"Sijui."

Sikuwahi kumsikia akilitamka neno hilo, nikamtazama kuhakikisha hajaugua. Akawa kama msichana: akaigeuza, akainusa, akaleta tochi, akaenda kuchungulia vitabu vyake akarudi mikono mitupu. "Usiyazibe," akasema. "Yatoe gundi tu." Nikayatoa, moja moja, kwa unywele wa brashi, na chai yangu ikapoa nikiwaza ni nani aliyekuwa na hasira na maji.

Siku ilipofika nilimpitia Zawadi Columbia Heights, maana Eden Prairie bila gari ni kama kuvuka Sahara, ila yenye nyasi zilizokatwa. Amevaa nguo za kanisani. Tulipoipita karakana yetu akaacha kutazama dirishani, akanigeukia.

"Kijana wangu aliniuliza," akasema. "Na Kingereza. 'Mama, uliichukua ama hukuichukua?' Kama polisi, vraiment, kweli kabisa. Mtoto wa tumbo langu."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia kula chakula yako."

Mama Eleanor alikuwa sebuleni kwa mwanawe, kwenye kiti kilichoelekea dirisha kubwa. Mwembamba, nywele nyeupe zimechanwa vizuri, kidevu juu. Dale alisimama nyuma ya kiti. Zawadi akabaki karibu na mlango, viatu mkononi. Niliweka ubao mapajani mwa mama yule, na juu yake Hajiri, bila kioo, bila kitu.

Vidole vikaanza pembezoni, kama nilivyofundishwa mimi. Vikazunguka ukingo wa bamba pande zote nne. "Ukingo ni wake," akasema. Vikapanda kwenye bawa. Vikasimama. Vikarudi. Vikashuka kwenye shavu la Hajiri, vikasita hapo sana.

"Amekonda," akasema. "Hajiri wangu hakuwa mwembamba hivi."

Dale akainua macho kuelekea mlangoni. Nikafungua mdomo nieleze habari za pasi mbili, nikaufunga. Niliona maelezo ya fundi hayana thamani hapo. Zawadi alikuwa akitazama sakafu.

Kidole kikaendelea kushuka, kikafika kona ya chini, kisimani. Kikasimama. Kisha yule mama akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitegemea: akaigeuza picha, akapapasa mgongo wake mahali pale pale, kwa kucha. Akaanza kucheka bila sauti, mabega tu.

"Mama?" Dale akasema.

"Nilikuwa mdogo, nina surua, nimefungiwa chumbani," akasema. "Nikachukua pini ya kofia ya bibi yangu, nikayatoboa maji. Ukiyainua dirishani yanametameta. Nilichapwa siku hiyo, sikumwambia mtu tena. Hata baba yako hakujua."

Akashika picha kwa mikono miwili, akajisukuma mpaka akasimama; Dale akataka kumsaidia, akamzuia kwa kiwiko. Akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, uso umegeuzwa pembeni kutafuta ile sehemu ya macho iliyobaki hai. Akatafuta muda mrefu. Hakuona kumetameta kokote.

"Zawadi," akaita.

Zawadi akaacha viatu mlangoni akaja, miguu mitupu juu ya zulia.

"Niambie. Yanang'aa?"

Zawadi akainama chini ya mikono ya yule mama, akatazama kama mtu anayetazama ndani ya kisima chenyewe. Hakuharakisha.

"Yanang'aa, Maman," akasema. "Yote. Isipokuwa moja hapa chini. Hiyo haipitishi."

Nikadhani hilo nimelisahau na gundi yake. Nilikuwa nimeyahesabu mara mbili.

"Hapana, hilo halikutoboka," Mama Eleanor akasema. "Hapo ndipo bibi alipofungua mlango."